Mabwawa Yenye Mlango



Desemba 1793, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, wabunge mjini Paris walipitisha amri ya kukausha mabwawa ya samaki vijijini. Mkate ulikuwa adimu, na kila hekta iliyofunikwa na maji ilionekana kuwa hekta iliyonyimwa nafaka. Tena mabwawa mengi yalikuwa mali ya makabaila na nyumba za watawa, watu ambao Mapinduzi yaliinuka dhidi yao. Na juu ya hayo kulikuwa na homa. Wakulima walioishi kando ya maji yale walitetemeka kila majira ya joto yalipokwisha, wakapauka, watoto wakavimba bandama, na wengi hawakufika uzeeni. Anayenisikiliza kutoka Kyela, Kisumu au bonde la Rusizi hahitaji kuelezwa homa hiyo ni ipi. Ilikuwa malaria, tena katikati ya Ufaransa.

Amri ile haikudumu. Katika miaka michache ilifutwa, kwa sababu bwawa lililokaushwa halikugeuka shamba zuri kwa kauli ya Bunge, na vijiji vilivyozoea kuuza samaki vilikosa cha kuuza. Mabwawa yakarudi. Leo watu wanaendesha magari mamia ya kilomita kwenda kukaa kimya kando ya maji hayohayo, darubini shingoni, wakimngoja ndege. Serikali iliyotaka yakauke sasa inayalinda kwa sheria. Ndiyo safari ninayotaka tuifanye leo: kwenda kutembelea mabwawa, maziwa na hifadhi za ardhioevu za mashambani Ufaransa. Na kuna jambo moja nitalishikilia tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba ukifika huko usitazame maji na ndege peke yake. Tafuta mlango wa bwawa. Utaukuta kwenye tuta, upande ulio chini zaidi, na ukiuelewa mlango huo utakuwa umeelewa kila kinachoogelea na kuruka mbele yako.

Twende kwanza Brenne. Ni eneo la mkoa wa Indre, karibu kilomita 300 kusini mwa Paris, nchi ya tambarare, vichaka, malisho na nyumba za mawe mekundu. Wafaransa wameipa jina la Nchi ya Mabwawa Elfu, ingawa ukihesabu hadi yale madogo yanazidi elfu mbili. Mgeni akipita katikati ya maji mengi namna hiyo hudhani Mungu ndiye aliyeyatandaza. La hasha. Bwawa la Brenne limetengenezwa na watu. Udongo wa pale ni mfinyanzi na mawe ya mchanga, mvua ikinyesha haina pa kuzamia. Mazao hayakustawi kwenye udongo ule wenye tindikali. Katika Karne za Kati watawa wa monasteri kama Méobecq na Saint-Cyran, pamoja na mabwana wa ardhi, waliamua kwamba nchi isiyoshika ngano ishike samaki. Siku za mfungo zilikuwa nyingi katika mwaka wa Kikristo wa wakati ule, Kwaresima na kila Ijumaa, nyama ikikatazwa na samaki akiruhusiwa. Bahari ilikuwa mbali, na samaki wa pwani angeoza njiani. Basi wakajenga matuta kuvuka mabonde madogo, maji ya mvua yakatuama nyuma ya tuta, wakapandikiza samaki aina ya karpi, ambaye huvumilia maji ya vuguvugu yenye tope na hunenepa kwa kufukua chini.

Sasa mlango. Katika kila tuta kuna tundu, na tundu hilo lina kizibo ambacho Wafaransa wa Brenne wanakiita bonde. Zamani kilikuwa gogo la mwaloni lililochongwa likaenea sawasawa na tundu lake. Siku hizi vingi ni vya saruji na chuma. Kizibo kikiinuliwa, bwawa linaanza kutoka. Halitoki kwa saa moja wala kwa siku moja. Bwawa kubwa huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, na hapo ndipo ujirani unapopimwa, kwa maana mabwawa yamepangwa kwa mlolongo kando ya vijito. Maji yanayoachiwa na mwenye bwawa la juu ndiyo yanayopokewa na wa chini. Mmoja akifungua bila kushauriana na mwenzake, anaweza kumfurikisha au kumpotezea maji ambayo yangemjazia bwawa lake kwa mwaka mzima. Maji yakimwagika hayazoleki, na kule Brenne msemo huo ni hesabu ya mali. Kwa hiyo tarehe za kufungua zinapangwa kwa makubaliano, kuanzia mwezi Oktoba hadi majira ya baridi yanapokaribia kwisha.

Siku ya kuvua yenyewe ndiyo siku ya kuona. Maji yamepungua, samaki wote wamekusanyika kwenye shimo la mwisho lililo karibu na mlango. Alfajiri kuna baridi kali na ukungu. Wanaume na wanawake wanaingia na gambuti zinazofika kifuani, wanazungusha wavu, wanauvuta taratibu kuelekea ukingoni jinsi watu wa kokoro wanavyovuta, mpaka maji yanaanza kuchemka kwa migongo ya samaki. Kisha samaki wanamwagwa juu ya meza ya kuchagulia. Mikono inaruka: karpi huku, wadogo wa kurudishwa kule, na pembeni kabisa yule mla-wenzake mwenye mdomo mrefu na meno makali, ambaye kwa Kifaransa ni brochet. Wengi huondoka wakiwa hai ndani ya matangi, kwenda kupandikizwa kwenye maji mengine ambako watu huvua kwa ndoana. Baadhi huishia jikoni palepale. Minofu ya karpi hukatwakatwa vipande vyembamba ili ile miiba yake mingi isimsumbue mlaji, ikakaangwa ikakauka vizuri. Ukiipata, kula na jibini la mbuzi la Pouligny-Saint-Pierre, lenye umbo la piramidi, ambalo linatoka mitaa hiyohiyo.

Nimekaa kwenye uvuvi kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hudhani uvuvi na hifadhi ni maadui. Hapa ni mume na mke. Bwawa lisilofunguliwa kamwe hujaa tope na majani yaliyooza, matete yakasonga hadi katikati, kisha mierebi ikaota juu ya matete, na baada ya miongo michache pale palipokuwa na maji pana kichaka. Kushuka na kupanda kwa maji kunakoletwa na ule mlango ndiko kunakotengeneza kingo za tope ambako ndege wa miguu mirefu wanachokoa wadudu, na vina vifupi ambamo yungiyungi huota.

Hifadhi ya asili ya Chérine, iliyoanzishwa mwaka 1985 katika kijiji cha Saint-Michel-en-Brenne, ni mahali pa kuyaona hayo kwa macho. Kuna vibanda vya mbao vya kutazamia, vyenye matundu marefu usawa wa macho. Unaingia, unakaa kwenye benchi, unangoja. Nakushauri uende mwezi wa Mei. Utaona ndege wadogo wa jamii ya shakwe, wenye utosi mweusi na mashavu meupe, wakijenga matago yao juu ya majani ya yungiyungi yanayoelea; kiota kizima kimeshikiliwa na jani. Utamwona ndege mkubwa wa jamaa za yangeyange, shingo ya rangi ya kutu na mgongo wa zambarau iliyofifia, akisimama ndani ya matete bila kutikisika. Na ukiwahi alfajiri, ukiwa na bahati, utamsikia yule jamaa yake mwingine ambaye haonekani kirahisi, dume linalonguruma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Hao wamebaki wachache mno Brenne. Mimi nadhani kumsikia mmoja kunatosha kuihalalisha safari.

Lakini mwenyeji halisi wa Brenne ni kobe wa majini. Ni mdogo, gamba lake mara nyingi halifiki sentimita 20, mweusi mwenye madoa ya njano kichwani na shingoni. Aprili na Mei anapanda juu ya magogo kuota jua, na ukikohoa tu anadumbukia. Amekwisha kutoweka katika sehemu nyingi za Ulaya Magharibi, ila Brenne bado wapo kwa maelfu. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba kobe huyu hawezi kuishi kwa maji peke yake. Inapofika Mei na Juni jike hutoka bwawani jioni, akatembea nchi kavu, pengine mamia ya mita, akitafuta malisho yenye mchanga na jua ili achimbe na kutaga. Makinda mengine yakishaanguliwa hubaki ardhini majira yote ya baridi, yakatoka wakati wa masika. Kwa hiyo malisho yakiachwa yakawa pori, kobe hana pa kutagia. Yakilimwa mahindi, jembe la trekta linafukua mayai. Barabara ikiongezwa, jike linakanyagwa na gari. Ndiyo sababu wahifadhi wa Chérine wanashughulika na nyasi sawa na wanavyoshughulika na maji: wanafyeka, wanang'oa miti midogo, wanahitaji ng'ombe walishe. Hifadhi ile ni ajira ya kila siku, na ukiona trekta au watu wenye misumeno ndani yake usikimbilie kulalamika.

Mwaka 1991 Brenne iliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Ni orodha hiyohiyo yenye Ziwa Nakuru na Naivasha kwa upande wa Kenya, na Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron na bonde la Kilombero kwa upande wa Tanzania. Hapo nataka kuweka sawa jambo moja, kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba ndege wa Ulaya ndio hao wanaokuja kwetu Novemba. Ni kweli kwa wengi, lakini ndege wetu wageni hutoka zaidi upande wa mashariki, Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki, wakifuata bonde la Nile na Bonde la Ufa. Wale wanaozaliwa kwenye matete ya Ufaransa wengi huvuka Sahara na kushukia Afrika Magharibi, kwenye mto Senegal na delta ya ndani ya mto Niger nchini Mali. Mvua ikikosekana Mali, matete ya Brenne huwa na ndege wachache mwaka unaofuata. Mlinzi wa hifadhi anaweza kufanya kila kitu sawasawa nyumbani kwake na bado akapoteza ndege.

Tuhamie Dombes, kaskazini-mashariki ya jiji la Lyon, katika mkoa wa Ain. Huko nako kuna mabwawa zaidi ya elfu moja, na utaratibu wake ni wa namna ya pekee. Bwawa hujazwa maji na kuvuliwa kwa miaka mitatu, minne hivi, halafu huachwa likauke mwaka mzima, na kwenye tope lile lenye rutuba hupandwa shayiri au mahindi. Mwaka unaofuata linajazwa tena. Samaki hula kile ambacho shamba limebakiza, na shamba hula kile ambacho samaki wamebakiza. Desturi hiyo ni ya tangu Karne za Kati, na zamani ilikuwa na haki zake za ajabu: mmoja angeweza kumiliki maji, mwingine akamiliki udongo ulio chini ya maji hayohayo, kila mtu akingoja zamu yake.

Dombes nako homa ilitisha sana. Katika karne ya 19 serikali ilirudia ile vita ya 1793 kwa njia nyingine: kampuni ya reli iliyojenga njia ya Lyon kwenda Bourg-en-Bresse ilifungwa kwa mkataba ikaushe maelfu ya hekta za mabwawa, na mwaka 1863 watawa wa Trapisti wakajenga monasteri yao huko Le Plantay, wakashiriki kazi ya kusafisha nchi. Hakuna aliyejua bado kwamba mbu ndiye mbebaji. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikiona kimelea cha malaria kwenye damu ya askari huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, na ilikuwa mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipothibitisha kazi ya mbu. Malaria ilitoweka Ufaransa bara kwa kwinini, nyumba bora, mifugo iliyowavuta mbu waache watu, na mifereji. Mabwawa mengi ya Dombes yakajazwa upya, na homa haikurudi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwetu bado husikika hoja kwamba kinamasi ni ugonjwa, na dawa yake ni kukifukia. Wenzetu walikausha, wakaja kujaza tena. Ukienda Dombes leo, Villars-les-Dombes kuna bustani kubwa ya ndege iliyofunguliwa mwaka 1970, katikati ya mabwawa ambayo babu zao waliyaogopa.

Kwa ufupi niseme na juu ya Lac du Der, mashariki mwa Paris, katika Champagne. Hilo ni ziwa la juzi: lilijazwa mwaka 1974, lina hekta 4,800, na lilitengenezwa ili mto Marne usiifurikishe Paris kama mafuriko makubwa ya mwaka 1910. Vijiji vitatu vilihamishwa, Chantecoq, Champaubert-aux-Bois na Nuisement-aux-Bois. Kanisa la Champaubert limebaki peke yake kwenye rasi. La Nuisement lilibomolewa ubao kwa ubao likajengwa upya kwingine. Sijui namna ya kutembea pale bila kuwafikiria waliotolewa. Na bado, kwa kuwa wahandisi hulijaza ziwa majira ya baridi na masika, kisha hulipunguza kidogokidogo kuuongezea mto maji wakati wa ukame, ifikapo Oktoba na Novemba ziwa lina visiwa vya tope vilivyozungukwa na maji. Korongo wa kijivu wanaotoka Skandinavia na Ujerumani kwenda Hispania wamegundua kwamba mbweha hafiki huko. Makumi ya maelfu yao hulala pale. Jioni wanarudi kutoka mashamba ya mahindi kwa makundi marefu, wakipiga kelele, na watu wamejipanga kwenye tuta, wazee kwa watoto, hakuna anayeongea. Hakuna mhandisi aliyechora korongo kwenye ramani yake.

Sasa niseme na yanayoumiza. Kuna kamba wa maji baridi, mwekundu, asili yake Louisiana, Marekani, aliyeletwa Ulaya kwa biashara ya chakula akatoroka. Anatoboa matuta na kukata mimea ya majini. Wasikilizaji wa Naivasha mnamjua, kwa sababu aliwekwa kwenye ziwa lenu mwaka 1970, na yungiyungi za Naivasha zikatoweka mbele yake. Brenne naye amefika, na wahifadhi wanaona mimea ikipungua. Yungiyungi zikienda, wale ndege wanaotaga juu ya majani wanabaki wakizungukazunguka hewani. Hata karpi, ambaye Brenne ni baraka, Naivasha aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na amekuwa miongoni mwa samaki wakuu wa wavuvi, akilitibua ziwa huku akilisha familia. Wavuvi wa Naivasha na wa Brenne wana mengi ya kuambiana, na ningependa siku moja wakutanishwe.

Halafu kuna mnandi, ndege mweusi mzamiaji, ambaye analindwa na sheria za Ulaya na ambaye kundi lake likitua kwenye bwawa la mfugaji humaliza makinda ya samaki. Vibali vya kupunguza idadi yao hutolewa kwa kipimo, na kila mwaka pana mabishano. Mimi nasimama na mfugaji zaidi ya wanavyopenda marafiki zangu wapenda ndege. Akishindwa kuuza samaki ataacha kutunza tuta, tuta likipasuka bwawa limekwisha, na pamoja nalo kobe, matete na yule anayenguruma alfajiri. Ukame wa mwaka 2022 uliwatisha wote, na wapo wataalamu wa maji wanaosema mabwawa hupoteza maji kwa mvuke na kupasha joto vijito. Hoja yao ina ukweli. Ila ningewaomba wahesabu na kile kinachoishi ndani yake.

Kwa anayetaka kwenda, hasa ninyi mnaoishi Paris, Brussels au Geneva: treni kutoka kituo cha Austerlitz mjini Paris hadi Châteauroux huchukua karibu saa mbili, na kutoka hapo utahitaji gari au baiskeli, kwani ndani ya Brenne hakuna reli. Anzia kwenye kituo cha wageni cha Hifadhi ya Mkoa huko Le Bouchet, Rosnay, upewe ramani. Karibu na hapo kuna bwawa kubwa kuliko yote ya Brenne, takriban hekta 180, liitwalo Mer Rouge, yaani Bahari ya Shamu; wenyeji husimulia kwamba bwana wa ngome ya Bouchet alitekwa huko Mashariki wakati wa Vita vya Msalaba, akarudi na jina hilo moyoni. Watoto wakitaka kuogelea, wapeleke Bellebouche, penye ufuko. Mabwawa mengi yaliyobaki ni mali ya watu binafsi, hivyo usiruke uzio hata kama maji yanakuita. Tumia vibanda vya Chérine, Massé na Foucault. Usivae nguo nyeupe. Jioni kagua miguu, kuna kupe. Wakati wa uwindaji, yaani majira ya vuli na baridi, uliza kwanza njia ipi iko salama.

Na ukienda kati ya Oktoba na Februari, ulizia kwenye mgahawa wa kijiji wiki hiyo nani anafungua bwawa. Watakutajia. Fika kabla ya jua, simama upande wa tuta ambako hutawazuia kazi, na ukiambiwa ushike ncha ya wavu, shika.